Kondoo wa Kelele

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeambiwa hivyo tangu natambaa. Basi mimi nililisikia la mkuu, nikalitii kama mjinga, na mkono ndio uliovunjika. Tena si mara moja. Aje mtu hapa Bukom, mtaa wetu wa Accra, anifafanulie methali hiyo, maana mimi imenishinda.

Jina langu ni Odarkai, lakini mwaka ule hakuna aliyeniita Odarkai. Waliniita Dakar. Nikipita kuchota maji: "Dakar, utatuletea nini?" Nikipita na beseni la samaki wa mama: "Dakar, ukipanda ndege usijifanye hutujui!" Mashindano ya ndondi ya vijana yalikuwa yafanyike Dakar, na katika uzito wangu nchi ilitaka msichana mmoja tu. Tulibaki wawili: mimi wa jimu ya Ataa Okpoti, na Lomoley wa jimu iliyo ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na safari ile niliitaka mpaka nikawa naiota mchana nikiwa macho.

Sasa huyu Ataa Okpoti. Hapa kwetu mwanamume humwiti Ataa hivi hivi, unamwita kwa heshima, kama baba yako, na sisi heshima tulimpa kwa vikapu. Alipigana zamani, watu bado wanasimulia. Vidole vyake vimejikunja kama tangawizi, na alikuwa akituonyesha kwa majivuno: "Wenzenu wana vyeti ukutani. Vyangu ndivyo hivi." Masikio yake nayo yalishakufa kwa kupigwa, ukitaka akusikie uje umpigie kelele usoni. Mtoto akilalamika kwamba anaumwa, jibu lake lilikuwa moja: "Mfupa ni kama mtoto. Ukiubembeleza, unadeka." Tulikuwa tunacheka. Tulikuwa tunaamini pia, hilo ndilo linaloniuma.

Mkono ulivunjika hivi. Jioni moja alinipanga na Ayikwei, mvulana mzito kuliko mimi, tufanye mazoezi ya kupigana. Glovu nilizovaa zilikuwa kuukuu, sufi yote imekimbilia kwenye kifundo, mbele kumebaki ngozi tu. Nikamtandika Ayikwei ngumi ya kulia, akainamisha kichwa, ngumi ikatua kwenye paji la uso. Nilihisi kitu kimekatika nyuma ya kidole changu cha mwisho. Kusikia, sikusikia chochote. Nani angesikia? Baa ya jirani inapiga muziki, watoto wanapiga mayowe, Ataa Okpoti mwenyewe anabweka. Bukom haijui kunyamaza.

Mama alinipeleka kliniki. Mama yangu ni Merley, muuza komi, yale madonge ya unga wa mahindi, kila anayekula komi na samaki mtaani kwetu anamjua. Daktari alipiga picha ya eksirei, akaufunga mkono plasta, akasema usiguswe mpaka sikukuu ya Homowo ipite. Mama hakuniachia mimi nipeleke habari. Alikwenda mwenyewe jimu, na kanga ya jikoni kiunoni, akampigia Ataa Okpoti kelele usoni: "Mwanangu hapigani! Umenisikia? Hapigani!"

Ataa Okpoti akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Afya kwanza. Mimi ni nani nibishane na daktari?"

Mwongo yule! Siku chache tu baadaye, asubuhi mama akiwa bandarini kununua samaki, aliniita nyuma ya jimu. Palikuwa na ndoo ya maji moto yenye chumvi, na kisu. Akanikalisha juu ya tairi.

"Tia mkono."

"Ataa, daktari amesema—"

"Daktari amewahi kupigana wapi? Tia mkono, Dakar. Lomoley yuko anaruka kamba saa hii, wewe umekaa na chokaa mkononi kama ukuta."

Nikatia. Plasta ikalegea, akaikata polepole, kwa uangalifu kabisa, kama mtu anayemenya yai. Mkono ulitoka umenyauka, una harufu mbaya. Akaufunga bandeji, akanipigapiga begani. "Mama yako akiuliza, sema ulirudi kliniki, wamekuta umepona."

Nikasema hivyo hivyo. Mama akaushika mkono, akaubonyeza, akaniangalia machoni. Nikatabasamu. Aliubonyeza palepale palipovunjika, na nikatabasamu, kwa sababu Dakar ilikuwa upande wa pili wa tabasamu lile. Jumapili alikwenda kanisani kutoa shukrani. Nisimchukie Ataa Okpoti? Mama yangu alisimama mbele ya watu wote akamshukuru Mungu kwa uongo wa mzee yule.

Sasa shida ikawa siku ya pambano. Mtu wa shirikisho la ndondi, ambaye ndiye angechagua wa kwenda, alikuwa anapita Accra Jumamosi moja tu, na Jumamosi hiyo iliangukia ndani ya marufuku. Kila mwaka makuhani wakishapanda mawele, mji wetu sisi Waga, wenyeji wa Accra, unanyamaza mpaka karibu na Homowo. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna kelele za aina yoyote. Baa zinazima muziki, makanisa yanaimba kwa kunong'ona. Ukivunja, vijana wa makuhani wenye vitambaa vyekundu mkononi wanakuja kukuchukua.

Kocha wa Lomoley, Sowah, alikuja kuzungumza. Nilikuwepo, namshikia Ataa Okpoti kiti.

"Ataa, pambano tulihamishie Tema," Sowah akasema kwa sauti ya kumfikia. "Huku hatuwezi kupigana."

"Kwa nini hatuwezi? Ngumi zina mdomo?"

"Watu watashangilia tu, Ataa. Watu ni watu."

"Sema unaogopa. Huyo msichana wako hana ngumi bila tarumbeta. Mmezoea kumpigia bendi kama bibi harusi."

"Lomoley? Hana ngumi? Lomoley huyu?"

"Basi aje nazo. Tarumbeta aziache nyumbani."

Sowah akaingia mtegoni mzima mzima. Ukitaka kumpeleka mtu wa Bukom popote, mwambie anaogopa. Ataa Okpoti akaenda mwenyewe kwa makuhani kuomba ruhusa, akaapa kwamba hakutakuwa na kengele, filimbi wala mayowe, na atakayepiga kelele atatozwa faini kama kawaida. Akarudi anachekelea peke yake. Ilikuwa kweli, Lomoley alipigana kwa bendi. Kila raundi wale wapiga tarumbeta wa jimu yao walimpandisha mori. "Nimempokonya nusu ya ngumi zake," Ataa Okpoti akaniambia, "na sijamgusa." Alijiona mjanja kuliko sungura. Hakukumbuka kujiuliza kelele zile zilikuwa zinamfichia yeye nini.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulijaa, watu hadi juu ya kuta, na kimya! Hujawahi kuona kitu kama kile. Mtu anakohoa, wote wanamgeukia. Mwanamke mmoja alishikwa na kicheko, akajijaza kitambaa mdomoni mpaka machozi yakamtoka. Mlangoni wale vijana wa vitambaa vyekundu walisimama wamekunja mikono. Mtu wa shirikisho alikaa mbele na kofia yake magotini.

Na mama alikuja. Mama hajawahi kuja kunitazama nikipigana, hata siku moja. Anasema kelele za watu ndizo zinazomtisha, anaona kama wanataka damu ya mwanawe. "Leo hakuna kelele," aliniambia asubuhi. "Leo nitaweza." Akamwachia jirani chungu cha komi, akakaa safu ya mbele, mikono mapajani.

Refa akainua kitambaa, tukaanza. Nilikuwa nasikia viatu vyetu vikikwaruza turubai. Nilikuwa nasikia pumzi ya Lomoley. Maskini, alikuwa amepotea, anageuza shingo kutafuta bendi yake. Nikamchapa kwa kushoto. Kushoto tena. Mkono wa kulia niliuweka kidevuni, sikuutoa, na raundi ile niliichukua mimi, kila mtu aliona. Watu walipunga vitambaa hewani bila sauti. Nikarudi kwenye kona yangu najiambia: kumbe inawezekana. Kushoto peke yake kunatosha. Dakar naiona.

Ataa Okpoti akaniinamia. Sasa kumbuka, yule mzee ni kiziwi. Siku zote kwenye kona amekuwa akinipigia kelele, na kelele zake zinazama kwenye kelele za watu. Siku ile alinong'ona. Alidhani amenong'ona. Lakini mtu asiyesikia hajui sauti yake inaishia wapi.

"Wa kulia uko wapi?" akasema.

"Unauma, Ataa." Mimi nilinong'ona kweli, nikimwonyesha kwa macho.

"Najua unauma! Si umevunjika? Plasta si nimeikata mimi kwa mikono yangu, nisijue? Piga nao huo huo uliovunjika. Ukikatika, tutakwenda nao Dakar umekatika hivyo hivyo."

Uwanja mzima ulisikia. Wa juu ya kuta walisikia. Mtu wa shirikisho alisikia, maana kofia ilimwanguka. Na mimi nilimtazama mama.

Sijui nikuelezeje uso ule. Hakumwangalia Ataa Okpoti. Aliniangalia mimi, kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyoubonyeza mkono wangu na kuamini. Halafu akasimama, akaanza kupita katikati ya viti, taratibu, bila kusema neno, kwa sababu mama yangu anaheshimu marufuku kuliko mtu yeyote. Msimu wa marufuku hata mchi wake hupiga kwa huruma. Alikuja akisukuma magoti ya watu, kimya.

Refa hakujua jingine ila saa yake na kitambaa chake. Muda ulifika, akainua. Nikaingia.

Lomoley hakuja kunipiga. Alisimama, macho kwenye glovu yangu ya kulia. "Odarkai," akaninong'oneza, wa kwanza kuniita jina langu baada ya miezi, "usipige nao. Acha."

Huruma! Ya nani? Ya Lomoley? Hasira zikanipanda kuanzia nyayo. Nilimkasirikia yeye kwa kunihurumia, nikamkasirikia mama kwa kuja, nikawakasirikia wote wale kwa kujua. Nyuma yangu mzee akasema tena, "Sasa! Kulia!" Na mwili wangu, ambao tangu utotoni ulifundishwa kuitii sauti hiyo, ukaitii. Nilirusha ngumi ya kulia kwa nguvu zangu zote. Lomoley akajikinga kwa kiwiko, kama mtu yeyote angejikinga.

Ukasikika. Mara ya kwanza sikuusikia mfupa wangu, lakini siku ile tuliusikia sote, mimi na watu wote wa Bukom pamoja. Kuni kavu ikivunjwa gotini, ndivyo ulivyolia. Lomoley akarudi nyuma na mikono kichwani. Mtu mmoja ukutani akatapika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimekumbatia glovu, na hata hapo, Mungu wangu, hata hapo nilikuwa nimeuma midomo nisipige kelele.

Mama ndiye aliyepiga.

Alikuwa amefika kwenye kamba za ulingo. Alipiga yowe la msibani, lile la kuitia mtaa, na likaendelea. Mbwa wakabweka mpaka ufukweni. "Okpoti!" Hakusema Ataa. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akimwita mzee yule jina tupu. "Okpoti! Umekata plasta ya mwanangu! Okpoti, umeniulia mkono wa mwanangu!"

Wale vijana wa vitambaa vyekundu wakaja mbio. Si kwangu. Walinipita pale chini nikigaagaa, wakamwendea yeye. "Mama, kelele," wakamwambia, kwa adabu kabisa. "Tafadhali, mama. Kelele."

Hospitalini waliupasua mkono, wakautia chuma. Na makuhani wakamwita mama barazani kwao.

Nilikwenda naye, mkono shingoni. Walikaa wazee wa makuhani, wamevaa nyeupe. Na Ataa Okpoti alikuwepo, eti shahidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba ruhusa na kuapa.

"Merley, umevunja marufuku," wakasema.

"Nimevunja," mama akajibu.

"Mzee Okpoti, kelele ilikuwa kubwa?"

Ikabidi waulize tena kwa nguvu. Alipoelewa akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kubwa sana," akasema. Kiziwi! Kiziwi alitoa ushahidi wa kelele, na hakuna aliyecheka.

Wakamtoza kondoo na chupa za pombe kali. Mama akapiga goti kama desturi. "Nitaleta. Nimekosea mji, na mji nitaulipa. Ila naomba kuuliza. Huu mkono wa mtoto, aliyeuvunja naye analeta mnyama gani?"

 Msemaji wao akakohoa. "Hayo ni mambo ya michezo, mama. Sisi hapa tunahukumu kelele."

Basi. Mama yangu alinunua kondoo, akamvuta kwa kamba barabara nzima, na watu walewale walioniita Dakar wakampisha njia wakiangalia chini. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mchumaji alikuwa Okpoti, na mlaji alikuwa mama. Mpaka leo nikimwona kondoo nakunja ngumi. Nakunja ya kushoto. Ya kulia haikunjiki, vidole viwili vimesimama, vimekataa.

Lomoley alikwenda Dakar. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga, nikamfukuza kama mbwa. Alipofika kona ya barabara nikamkimbilia nikamwambia, "Nenda upige kwa mikono yako yote miwili, mpumbavu wewe!" Akalia, nikalia.

Homowo ikaja na ngoma zikarudi. Vumbi, mizinga, makelele ya mwaka mzima yaliyokuwa yamefungiwa. Na siku iliyofuata jimu ikafunguliwa, kama hakuna kilichotokea.

Nilikwenda. Sijui nilikwenda kufanya nini. Ataa Okpoti aliponiona akachangamka. "Dakar! Karibu! Mkono unapona, mwakani tunaanza upya." Mwakani! Ulingoni alikuwa amemweka Fofo, binti wa msusi wa mtaa wa nyuma, mtoto mdogo anayependa sifa. Alikuwa amevua glovu moja. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kimegeuka rangi.

"Kinauma, Ataa," akamwambia, akinyanyua mkono amwonyeshe.

Na mzee akatabasamu, akaviinua vile vidole vyake vya tangawizi. "Mfupa ni kama mtoto, binti yangu. Ukiubembeleza—"

Sikungoja amalize. Kengele ya jimu yetu ni ringi ya lori imening'inizwa kwa mnyororo, na nondo ya kuipigia imeegemezwa pembeni. Niliichukua nondo kwa mkono wa kushoto, nikaipiga ringi. Nikapiga tena. Sikupiga kama mtu anayeanzisha raundi, nilipiga kama nyumba inaungua. Wavulana wakaacha magunia yao. Fofo akaziba masikio.

"Wewe! Una wazimu?" Ataa Okpoti akapaza sauti. Hiyo aliisikia. Hiyo ilimfikia vizuri kabisa. "Acha kelele!"

"Marufuku imekwisha, Okpoti!" nikamjibu, na sikuacha kupiga. "Leo nani atanitoza kondoo?"

Watu wakaanza kumiminika, wengine na vijiko vyao vya chakula mkononi. "Nani amekufa? Nini?" Kila aliyeuliza nilimwambia, "Hajafa mtu. Njooni mtazame kidole cha Fofo." Mama yake Fofo akaja na kichana kimechomekwa kichwani, amemwacha mteja nusu kichwa. Akaingia ulingoni, akakishika kile kidole, mtoto akapiga kelele. Akamwangalia Ataa Okpoti. Ataa Okpoti akaangalia pembeni.

Sikuacha. Nilisema nitapiga mpaka kila mama mwenye mtoto mle ndani aje amtazame wake mikono, na walikuwa bado wanakuja. Jasho linanitiririka, bega linawaka. Mkono wa kushoto si mkono wa kazi, ukachoka, nondo ikaanza kunitoka. Nikahisi mtu ameishika kwa nyuma. Nikageuka nimtukane. Alikuwa mama, na kanga yake ya jikoni kiunoni. Akaipokea ile nondo, akaikamata kwa mikono miwili kama mchi wake, akaendelea yeye.